Skrubu Sita za Mzee Riungu

Kila asubuhi, kabla hajainuka mezani, baba mkwe wangu Mzee Riungu alikuwa akichomoa penseli ya useremala kutoka nyuma ya sikio na kupiga mstari kwenye mkebe wa sukari, pale sukari ilipofikia. Kesho yake aliinama, akatazama kama imeshuka bila yeye. Kamba ya lango aliifunga kwa fundo lake mwenyewe, ili akirudi ajue kama kuna mkono mwingine uliolifungua. Kuku aliwahesabu jioni, na asubuhi akawahesabu tena, kana kwamba kuku huzaana au huuana usingizini.

Mimi ni Ruguru, binti Ndwiga wa Kianjokoma, na nilipoolewa huku Muthara nilidhani ananishuku mimi tu, kwa kuwa nimetoka Embu. Baadaye nikagundua kwamba anamshuku hata mchungaji wake. Nilipoa kidogo, lakini si sana, maana mchungaji hakai naye nyumba moja.

Mume wangu Mutwiri ndiye aliyenieleza tabia hiyo ilikotoka. Babake Mzee Riungu, aliyeitwa Runji, alipofuka macho akiwa bado na nguvu. Riungu alikuwa mtoto, na kazi yake ikawa kumwongoza baba kwa fimbo, mmoja akishika huku na mwingine kule. Aliona kwa macho yake jinsi watu walivyomtendea kipofu. Walimsalimia kwa heshima, wakamwuliza habari ya miguu, na huku wakisogeza mawe ya mpaka. Mti mkubwa wa muringa uliokuwa shambani ulikatwa Runji akiwa amekaa hatua ishirini tu, akiuliza, "Ni nani anapasua kuni?" Akajibiwa kwamba ni jirani, anapasua zake. Mtoto alitaka kusema, lakini mjomba akamziba mdomo kwa kiganja. Tangu siku hiyo, Riungu hakuamini tena kitu ambacho hajakiona mwenyewe.

Alikua akawa seremala, kisha akawa mwalimu wa useremala siku zile shule za msingi zilipokuwa na karakana. Mabenchi ya kanisa letu ni yake. Ukipitisha ukucha pale ubao unapokutana na ubao mwingine, ukucha hauoni pa kuingia. Mutwiri aliniambia kwamba mzee aliwachapa wanafunzi walioacha vichwa vya skrubu vikitazama ovyo ovyo. Alitaka mistari yote isimame wima, kama askari kwenye gwaride. Nilicheka, nikasahau.

Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki peke yake katika nyumba yake ya mbao, hapo hapo bomani. Mvua ya mwaka juzi ikaibomoa jikoni, na Mutwiri akamsihi ahamie kwetu, nyumba ya mawe, yenye bafu ndani. Alikubali "kwa mvua moja tu." Sasa fikiria mambo yalivyo. Huku kuna kitu kinaitwa nthoni, ile haya ya heshima kati ya wakwe. Mkwe wa kike hagusi nguo za baba mkwe zilizoanikwa, hapiti nyuma ya kiti chake, na habari za kuoga hazitajwi kabisa kati yao. Wazee waliotunga heshima hiyo hawakujua kwamba siku moja watu watajenga bafu katikati ya nyumba na kugawana bomba moja.

Tukatengeneza sheria zetu bila kuzisema. Taulo lake la bluu likining'inia kwenye kitasa, mimi niko jikoni na sina habari kwamba kuna bafu duniani. Likitoka, nahesabu mpaka mia mbili ndipo naingia. Hata lugha ilikuwa na uzio. Kiembu na Kimeru ni ndugu wa tumbo moja, ningemwelewa na angenielewa, lakini mzee aliniongelesha Kiswahili tu, kama karani wa kortini.

Kwa hivyo alipotangaza kwamba anatengeneza kabati lake la bafuni, mimi nilifurahi kuliko wote. Wembe wake, mswaki wake na mafuta yake vingekaa kwake, nami nisingelazimika kufumba macho nikitafuta sabuni.

Utasema alilitengeneza chini ya mwembe? La, usiniwekee maneno mdomoni. Alilitengenezea kwenye veranda, kwa mbao za dawati kuukuu la shule. Rafu alitaka ziwe za vioo, kwa sababu mbao za bafuni huoza. Alikwenda kwenye nyumba yake iliyobomoka akachomoa vioo viwili vya dirisha, vile vyembamba virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Akatoboa matundu kwa keekee ya mkono, mawili kila upande kwa kila rafu, akachonga vigingi vinane vya mbao na kuvigonga humo ili vioo vilale juu yake. Mlango akaufunga kwa bawaba mbili za nje, akatia kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Sasa hakuna mtu ataguza vitu yangu," alisema, akinitazama kidogo pembeni ya uso. Siku hizo alikuwa na mazoea ya kutazama watu pembeni. Nilidhani ni dharau.

Haikupita wiki. Asubuhi moja alitoka bafuni na uso umekunjamana, taulo begani, nthoni imesahauliwa.

"Mama Kananu," aliniita kwa jina la binti yangu, kama ilivyo desturi. "Nani amefungua kabati yangu?"

"Baba, hiyo kabati si iko na kufuli?"

"Kufuli iko. Lakini vitu zimetembea. Kitu ninaweka kwa kioo ya juu imeanguka kwa sinki nikifungua. Imemwagika."

"Ni kitu gani hiyo?"

Akaangalia dari. Alikunywa chai, akapiga mstari wake kwenye sukari, akaondoka. Siku ya tatu kitu kikamwagika tena. Akanunua kufuli jipya, kubwa zaidi. Kikamwagika tena. Sasa akaanza kuingia bafuni mara nne kwa siku, kuvizia. Ningekuwa naosha vyombo namsikia akigusagusa kufuli, kisha kimya, kisha anagusa tena.

Nami nikaanza kumshuku. Kwa nini asiseme ni kitu gani? Mtu mzima, mzee wa kanisa, ana kitu cha kumwagika anachokificha kwa kufuli kubwa na akiulizwa anaangalia dari. Niliwaza pombe. Niliwaza dawa ya mganga. Usinicheke, ukiishi na mtu anayekushuku, shuku zenu zinaambukizana kama chawa. Nilimwona anamimina chai nje ya kikombe na nikasema moyoni, ee, ni pombe. Nilimwona kanisani ameshika Biblia imefunguliwa Zaburi huku mchungaji akisoma Matayo, na nikasema, ee, si bure.

Ijumaa Mutwiri alirudi kutoka Maua, anakofanya kazi ya ukarani na kulala huko wiki nzima. Mzee hakungoja hata avue koti.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia, na mkono wake ukanielekea mimi. "Ufunguo ya kutengeneza iko kila mahali hapa Muthara. Mimi sisemi ni nani. Lakini Jumamosi ingine naita wazee. Mtu aape mbele yao."

"Baba, kuapa juu ya kabati ya bafu?" Mutwiri alijaribu kucheka. "Kwani kumeibiwa nini?"

"Wewe ngoja."

Mutwiri hakucheka tena, na usiku huo aliniuliza, kwa sauti ya upole mno, kama labda niliwahi kufungua hata kwa bahati mbaya. Hapo ndipo moyo wangu ulipochafuka. Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Muthara. Watoto arobaini wananiita mwalimu. Nani angemwacha mtoto wake kwa mwanamke aliyeapishwa mbele ya wazee kwa wizi, hata kama kiapo kilimwacha salama? Watu wangesema, penye moshi hapakosi moto. Nilimwambia mume wangu kwamba wazee wakiketi na nikaapishwa, nitamchukua Kananu na kurudi Kianjokoma, na safari hiyo asije kunifuata na mbuzi wa kuomba msamaha.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikawa na wiki nzima ya kufikiria. Alhamisi mzee alikwenda mkutano wa kanisa. Fundo lake likabaki kwenye lango, na mimi nikabaki na kabati.

Nilisimama mbele yake nikiwa nimekunja mikono. Kufuli lilikuwa kubwa la kutosha kufunga duka. Kisha nikaona jambo, na nikaketi juu ya beseni lililopinduliwa nikacheka peke yangu. Mzee wa watu aliweka kufuli mbele, akasahau kwamba skrubu za bawaba ziko nje. Sita tu. Baba yangu Ndwiga ni fundi wa vioo, na mimi nimekua nikimshikia bisibisi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sikuwahi kulifungua kabati lile. Sasa nilikuwa nalifungua. Nilitoa skrubu moja moja nikaziweka kwenye kifuniko cha sabuni, na mlango ukaachia upande wa bawaba.

Hapakuwa na pombe. Kulikuwa na wembe, mswaki, mafuta ya mgongo, na kwenye kioo cha juu kichupa kidogo cheupe cha plastiki, kifuniko chake kimekaa upande. Nilipoushika mlango wa bafu kutaka kuufunga, nisije nikafumaniwa, upepo ukanipokonya na kuubamiza. Ukuta ukatikisika. Kile kioo cha juu kikapiga tik tik, na kichupa kikasogea mbele. Nikafungua mlango, nikaubamiza tena, makusudi. Tik tik. Kichupa kikasogea, kikalala chini, kikabingirika hadi ukingoni, na ubavuni mwake tone likachungulia.

Nikainama kutazama chini ya kioo. Kigingi cha mbele upande wa kulia kilikuwa chini kuliko vingine vitatu kwa upana wa punje ya hindi. Kioo kilikuwa kimekalia vigingi vitatu na cha nne hakikukigusa, kwa hiyo kikawa kinayumba kama stuli ya mguu mbovu. Kila mtu alipofunga mlango wa bafu, na mimi nikiwemo, kilisukuma vitu kuelekea mlango wa kabati. Mzee akifungua, vinaangukia kwenye sinki.

Mwizi nilikuwa nimempata, na nilikuwa tayari kushangilia. Lakini macho yangu yakaenda kwenye mbao zenyewe. Karibu na kila kigingi kulikuwa na mistari ya penseli, si mmoja, mitatu, minne, mizito, inayopishana. Kulikuwa na matundu yaliyoanzwa yakaachwa. Kulikuwa na mahali keekee iliteleza ikachana ubao. Hii ilikuwa kazi ya mtu yule yule wa mabenchi ambayo ukucha hauingii.

Nikaokota kichupa. Kilikuwa na karatasi ya kliniki imezungushwa na raba. Dawa ya macho. Presha ya macho, tarehe ya miaka miwili nyuma. Tone moja kila jicho, kila jioni, bila kukosa hata siku moja, ili kilichobaki kisipotee. Dawa ya mwezi mzima, na nusu yake ilikuwa imekwenda na maji ya sinki.

Niliketi tena kwenye beseni, na safari hii sikucheka. Chai iliyomwagika. Zaburi na Matayo. Kule kunitazama pembeni, ambako nilikuita dharau. Alikuwa akinitafuta kwa ile sehemu ya jicho iliyobaki. Mtoto wa Runji alikuwa anapofuka, na alikuwa amekaa katikati yetu akisikiliza ni nani anapasua kuni.

Nitasema ukweli: hasira haikuniisha. Nilifikiria kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kungoja Jumamosi. Wazee wangeketi, ningewaleta bafuni, ningebamiza mlango, nao wangeona. Jina langu lingetoka limeng'aa. Halafu mmoja angeuliza, fundi mzuri hivi alikosaje kipimo? Na ningetoa karatasi. Nililifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kisha nikaenda stoo nikatafuta tyubu kuukuu ya pikipiki. Baba yangu hakuwahi kulaza kioo juu ya mbao tupu; husema kioo hakina urafiki na kitu kigumu. Nilikata vipande vyembamba vya mpira, nikavalisha kila kigingi kipande kimoja ili kioo kisiteleze, na kile cha chini nikakizungushia mara tatu, mara nne. Nikalaza kioo. Nikachukua chupa ya soda iliyojaa maji nusu, nikailaza juu yake na kutazama maji. Yalitulia katikati. Nikabamiza mlango mpaka jirani Mama Murungi akauliza kwa dirisha kama kuna vita. Kichupa hakikusogea.

Nilikaza kifuniko chake, nikapanga kila kitu nilivyokikuta, nikarudisha skrubu sita, nikapangusa alama za vidole vyangu. Jioni taulo la bluu liliwekwa kwenye kitasa. Nilisikia kufuli likifunguliwa, na ikapita muda mrefu kabla halijafungwa tena. Mzee alitoka, akala, akaenda kulala. Ijumaa hakuna kilichomwagika. Nikasema moyoni, labda ataghairi.

Jumamosi wazee wakaja. Walikuwa wawili, Mzee Kiunga wa kanisani na mwenzake mmoja ambaye alikuja zaidi kwa ajili ya chapati. "Muga," walisalimu, wakaketi. Mutwiri alikaa karibu na mlango akinitazama kana kwamba anahesabu mabegi yangu. Walizungumza Kimeru, na nilielewa kila neno.

Mzee Riungu alisimama. Alishika mgongo wa kiti.

"Niliwaita kwa sababu nilisema kuna mtu anafungua kabati langu," alisema. "Leo nina hakika. Kuna mtu amelifungua."

Chapati ikasimama katikati ya njia kwenda mdomoni mwa yule mzee wa pili. Mutwiri aliinamisha kichwa. Mimi nilihisi masikio yanawaka.

"Unajuaje?" Mzee Kiunga aliuliza.

"Nimefunga skrubu tangu kabla nyinyi hamjavaa suruali ndefu. Skrubu zangu zote husimama wima. Mtu yeyote akizigusa hujua ni zangu, hata gizani." Akainua kidole gumba, akakipitisha hewani taratibu, kana kwamba bawaba iko pale. "Alhamisi jioni nilizipapasa. Moja imesimama. Tano zimelala."

Nilifungua mdomo nikiri na kuyamaliza, lakini hakuniachia nafasi.

"Huyo mtu hakuchukua kitu. Niliingiza mkono ndani, nikapapasa kila kitu. Chini ya kioo nikakuta mpira. Kigingi changu kimoja kimevalishwa mipira minne." Akashika kiti kwa mikono yote miwili. "Ukitaka kujua ubao umekosewa kiasi gani, hesabu mipira. Mimi sijawahi kukosea ubao hivyo, hata nikiwa mwanafunzi. Kiunga, mwizi niliyekuitia ni mkono wangu. Na mkono haukukosea. Ni macho."

Mzee Kiunga alitazama sakafu, maana wote pale walimkumbuka Runji na fimbo yake.

Mzee alitoa ile kamba ya kiatu shingoni. Alitembea hadi nilipokuwa, akigusa meza, akigusa kiti, akaweka ufunguo mbele yangu. Kisha akatoa mfukoni kile kichupa na karatasi yake, akaviweka kando ya ufunguo. Akaniongelesha kwa Kimeru, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Mwanangu, nisomee. Wameandika niweke matone mangapi?"

Nilimsomea. Tone moja kila jicho, kila jioni. Alirudia maneno hayo baada yangu kama mtoto wa nasari, kisha akaketi, akaomba chai.

Sasa ni mimi ninayemtilia. Anakaa kwenye kiti cha veranda, anainua uso, na nthoni tumeiomba ipishe dakika mbili. Daktari anasema kilichokwenda hakirudi, ila kilichobaki tunaweza kukilinda. Skrubu zile tano nilizisimamisha siku ile ile, yeye akiwa nyuma yangu akizikagua kwa kidole.

Usidhani amebadilika. Mkebe wa sukari bado una mistari, ila penseli ananipa mimi nimpigie, kwa sababu mstari hauonekani kwake tena. Kesho yake asubuhi ananiuliza kama imeshuka. Kananu ni mlambaji wa sukari, na mara nyingi imeshuka hasa. Namwambia haijashuka, na yeye anatikisa kichwa kukubali, ananiamini.